Jini Mweke Mwisho

Kwa kawaida mnaniandikia kuhusu mchwa, bawaba na milango inayovimba wakati wa masika. Toleo lililopita mhariri alinipa nusu ukurasa nieleze kisanduku ninachokitengeneza hapa Langoni, Lamu, nyuma ya karakana, baada ya saa za kazi. Sikutarajia kitu. Barua zilizokuja zimejaza mfuko wa unga wa kilo mbili, kwa hivyo leo milango ipumzike.

Kwa aliyelikosa toleo hilo: kisanduku ni kasha la maembe, upana sentimita 45, kimo 30, na ndani yake nimeijenga hadithi ya bibi yangu mzaa mama. Nahodha wa Lamu alikumbwa na tufani, jini wa bahari akamwokoa kwa sharti moja: “Nijengee nyumba, sijawahi kulala chini ya boriti.” Nahodha akajenga. Kila maji yakijaa usiku jini alikuja kulala, na asubuhi hakukuwa na mtu, ila nyayo za maji barazani. Mke wa nahodha akashindwa na nafsi yake, akachungulia. Jini akaondoka, kwa hasira au kwa haya (bibi alibadilisha, ikitegemea usingizi wetu umefika wapi), na bahari akaiacha ndani. Tangu usiku huo nyumba imejaa maji hadi safu ya tatu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mlango uko wazi, wala tone halitoki nje. Njia iliyo mbele yake ni kavu na punda wanapita. Hiyo ndiyo diorama yangu, yaani mandhari ndogo ndani ya kasha. Sasa barua.

*

*Shikamoo fundi. Mimi kijana wa miaka 23, nauza duka hapa Tanga. Natengeneza mji wa majini chini ya bahari, hadithi nimeitunga mwenyewe. Nimeanza na mfalme wao, nimemfinyanga kwa udongo, kimo sentimita 20, ana pembe, ndevu na macho mekundu. Wiki tatu nzima. Sasa nikimtia kwenye kisanduku anaonekana mwanasesere, hatishi hata kidogo. Nimekosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Umemwalika mgeni kabla hujajenga nyumba.

Tatizo la jini ni kwamba hana kipimo. Hakuna aliyewahi kumshika bega akajua linamfikia wapi, basi jicho likimwona halina pa kushika. Mlango una kipimo. Ndoo ina kipimo. Kikombe cha kahawa, ngazi, kandambili, hivyo vyote mkono wa mtu unavijua bila kuambiwa. Ukivifanya hivyo kwa usahihi, jicho linaingia kisandukuni, linaamini, linatembea. Hapo hata ukionyesha kucha moja ya jini mtu atarudi nyuma. Ukivikosea, mlete jini na jeshi lake lote, yatakuwa ni madoli tu.

Kwa hivyo mfunike mfalme wako kitambaa, mweke kabatini, tuanze na kipimo. Mimi natumia 1:24, yaani kitu halisi kigawe kwa 24. Mtu wa sentimita 168 anakuwa sentimita 7. Mlango wa mita 2.4 unakuwa sentimita 10. Ukuta wa nyumba ya kale niliyozaliwa nimeupima, nusu mita kasoro kidogo, basi kisandukuni ni sentimita 2, na unene huo usiuibe: ukuta mwembamba ndiyo aibu ya kwanza ya wanaoanza, nyumba inaonekana ya karatasi. Ukiwa na nafasi ndogo kuna 1:48, mtu anakuwa sentimita 3.5. Wenye subira ya kuchambua mchele hutumia 1:72. Macho yangu hayaniruhusu tena. Chagua kimoja, kisha kata mtu wa karatasi ngumu wa kimo hicho, msimamishe kila unapojenga. Wangu amechakaa, ana alama za gundi usoni, lakini ameniokoa mara nyingi. Safari moja nilichonga baraza zuri mno, nikamkalisha, miguu ikaning’inia kama mtoto juu ya ukuta. Nikalivunja.

Sasa ukuta, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote na wala sijuti. Nyumba za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni boriti za mikoko. Chumba ni chembamba na kirefu kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua: upana hauzidi urefu wa mti uliopatikana. Ukijenga chumba cha mraba, kipana, hata mgeni asiyejua kitu atahisi pana kasoro, hataweza kuitaja. Boriti zangu ni vijiti vya mishikaki, nimevipaka maji ya rangi ya kahawa, vingine nimevipinda kidogo kwa mvuke wa birika kwa sababu mkoko haujanyooka kama bomba. Ukuta ni jasi. Kabla haijakauka kabisa, niliugandamiza kwa kipande cha jiwe la zamani kilichoanguka ukutani kwetu, nikaondoa, nikagandamiza tena, na vile vitundu vidogo vya matumbawe vikabaki. Tumia jiwe lililokwisha kuanguka. Usiende mwambani kuvunja matumbawe hai, na kwenye hifadhi za bahari kama ile ya Malindi ni marufuku kabisa kuchukua.

Rangi usipake nyeupe tupu. Kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile, kwa hivyo kila rangi iongeze weupe kidogo, halafu nyeupe yenyewe itie tone la manjano ya udongo. Ikikauka, chukua rangi nyeusi iliyozimuliwa maji hadi iwe kama chai ya tangawizi, ipake yote, kisha ifute kwa kitambaa. Itabaki kwenye mashimo. Mwisho, brashi kavu: tia brashi kwenye rangi nyeupe, ipanguse kwenye gazeti hadi udhani imekwisha, ndipo uipitishe juu juu. Matuta yatang’aa, mashimo yatabaki na kiza. Na chini ya ukuta, kimo cha goti la mtu wako wa karatasi, weka doa la unyevu lenye ukingo mweupe wa chumvi. Kila nyumba ya pwani inalo. Nimeona mzee mmoja amelitazama doa hilo akaanza kunieleza dawa ya kulitibu.

Lakini wewe mji wako uko chini ya bahari, utaniambia doa la unyevu la nini? Swali zuri. Mji wa chini ya bahari hauna kitu chetu, ndiyo maana unahitaji kimoja. Juu kabisa ya kisanduku, badala ya dari, weka tumbo la jahazi kama samaki anavyoliona, mbao, mkuku na vile vigugu vya chaza vilivyoganda. Halafu ushushe kamba ya nanga, moja tu, ikapite katikati ya mji, na nanga imenasa juu ya paa la nyumba ya jini. Hapo mtazamaji ana kipimo, na ana swali: watu wa juu wanajua wamefunga wapi?

Kwa umbali, nyumba za nyuma zijenge kwa 1:48 na za mwisho kabisa kwa 1:72, sakafu ipandishe kidogo inavyokwenda nyuma, na rangi zake zififize kwa samawati. Kisanduku cha sentimita 30 kitaonekana mtaa mzima. Kwa taa, balbu moja ndogo ya LED inatosha, ifiche pembeni, isionekane yenyewe. Ukitumia chaja ya simu ya volti 5, tia rezista ya omu 100 kwenye waya wa balbu nyeupe, la sivyo itaungua usiku wa kwanza. Neno lenyewe diorama lilianza na taa: mwaka 1822 huko Paris, Louis Daguerre na mwenzake Bouton walifungua ukumbi wa picha kubwa zilizochorwa kwenye kitambaa chepesi, na kwa kugeuza mwanga tu wa mbele na wa nyuma, mchana uligeuka usiku mbele ya watu. Ukumbi huo uliteketea kwa moto mwaka 1839, kwa hivyo nyaya zako zifunge vizuri.

Ukimaliza yote hayo, mtoe mfalme kabatini umtazame. Nadhani utamrudisha.

*

*Mwanangu wa miaka 11 alijenga mlima wa kasri la joka kwa lile boksi jeupe la povu wanalowekea samaki na barafu. Alipoupuliza rangi ya kopo, mlima ukayeyuka mbele yetu. Analia siku mbili. Mama wa watoto wanne, Malindi.*

Pole, mama, na mpe pole zangu. Hakufanya kosa, hakuambiwa tu. Rangi ya kopo ina dawa inayoyeyusha povu lile, na gundi ya fundi viatu ni vivyo hivyo. Apake kwanza gundi nyeupe ya mbao mara mbili, mlima mzima, hata kwenye nyufa, akauke usiku kucha, kisha atumie rangi ya maji kwa brashi.

Na huo ulioyeyuka asiutupe. Mashimo yale hakuna kisu kitakachoyachonga. Joka lilipita hapo likapumua.

Akitaka kitu kisichoyeyuka, aokote kandambili kuukuu ufuoni, hazikosekani. Sponji yake inakatika vizuri kwa wembe (wewe ukiwepo) na inafaa sana kwa mawe ya ngazi. Huku kwetu mwaka 2018 lilizinduliwa jahazi la Flipflopi, urefu kama mita 9, limeundwa kwa plastiki ya taka na kuvikwa vipande vya kandambili kama 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Mlima mmoja ni kazi ndogo.

*

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kilifi. Darasa la sita tunatengeneza kisiwa cha nyoka wa vichwa saba. Bahari tuifanyeje? Nimeambiwa resini, lakini bei yake inatisha na watoto ni 38.*

Mwalimu, resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda kama kioo, waachie wenye pesa na madirisha makubwa. Nitakueleza yaliyonikuta.

Kwa ile nyumba iliyojaa maji, nilikwenda kwa mtu anayetengeneza boti za faiba, akanipimia resini kwenye chupa ya soda na dawa ya kuigandisha kwenye kijichupa cha dawa ya macho. Nikachanganya kwa kukisia, kama mtu anayetia chumvi mchuzi. Nikamimina chumba chote mara moja, kina cha sentimita 4. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imelala, bati la karakana linalia kwa joto. Dakika chache chumba kikaanza kutoa moshi. Ile kitu ikiganda inazalisha joto lake yenyewe, na ukiimimina nene joto halina pa kutokea. Zidaka zangu, ambazo nilizichonga moja moja kwa ncha ya sindano ya gunia, zikapasuka, na maji yakawa na rangi ya mafuta ya taa. Harufu ilifika msikitini. Imamu hakuniuliza kitu, alinitazama tu. Resini humiminwa tabaka nyembamba nyembamba, kwa kipimo kilichoandikwa, mahali pa upepo, na si kazi ya mtoto. Nilijifunza hivyo baada ya kupoteza miezi miwili.

Watoto wako wafanye hivi. Ubao upakwe rangi kwanza: karibu na ufuo kijani chepesi cha mchanga, kisha kijani kilichoiva, kisha samawati nzito. Wasipake samawati ya chupa ya dawa kila mahali. Wapeleke wakatazame maji ya hori ya Kilifi asubuhi na jioni, ndipo wachore. Rangi ikikauka, watandaze karatasi laini ya chooni, tabaka moja, wailoweshe kwa brashi yenye gundi nyeupe iliyozimuliwa maji, na waisukume kwa ncha ya brashi iwe vijiwimbi. Ikikauka wapake rangi tena, vilele vyeupe kidogo, halafu vanishi ya kung’aa mara tatu. Ni bahari. Mawimbi yasizidi kimo cha goti la mtu wao, maana maji hayagawanyiki kwa kipimo kama mlango, tone ni tone.

Mchanga wa ufuoni uoshwe kwa maji baridi mara tatu na uchekechwe kwa chujio la chai. Usipoosha, chumvi itachipuka juu ya gundi kama ukoga. Na gundi ya uji wa unga ya mabibi zetu msiitumie, mende watakula kisiwa kabla ya nyoka.

Mimi mwisho nilitumia kioo cha fremu ya picha iliyovunjika. Nilikata kipande cha ukubwa wa uwazi wa mlango, nikakisimamisha ndani kidogo ya kizingiti, nikakipaka vanishi kwa nyuzi nyuzi kuanzia juu kwenda chini, na nyuma yake chumba nikakipaka kijani kinachozidi giza kinavyoshuka. Juu kuna balbu moja. Maji yamesimama mlangoni kama ukuta.

*

*Wewe mtu mzima, mvi zimekujaa kidevuni, unacheza na vijumba. Na majini unayoyaumba huko nyuma ya karakana, huogopi kuulizwa? Jirani.*

Mwandiko huu naujua, na kalamu yako niliyoiazima mwaka jana bado ninayo. Karibu kahawa.

La kuulizwa, mimi ni fundi, hukumu ya sura za viumbe waulize wenye elimu yake. Lakini njoo utazame, utamtafuta jini ndani ya kasha lile hadi adhana ya magharibi. Hayumo. Sikumweka na sitamweka. Milango tuliyoichonga sisi na waliotufunza ina majani, maua, minyororo, duara ndani ya duara, na hakuna uso hata mmoja, na bado ukisimama mbele ya mlango unajua mwenye nyumba alikuwa nani. Hata punda wangu hujamwona wote: matako na mkia, kingine kimeshakata kona.

Si sisi tu. Huko Marekani, mama mmoja aliyeitwa Narcissa Thorne alisimamia utengenezaji wa vyumba vidogo vya 1:12, na 68 kati ya hivyo viko kwenye jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Viti, mazulia, saa za ukutani, vyote vidogo vyote sahihi. Watu hawamo. Vyumba vimekaa kama wenyewe wametoka sasa hivi, na ukitazama unapunguza sauti wasije wakakukuta.

Jini wangu ni nyayo saba. Kila moja ni tone la vanishi lililopakwa juu ya chokaa kavu, kuanzia mlangoni kuelekea gatini. Unyayo wa mtu kwa kipimo changu ni sentimita 1. Hizo nimezifanya 2. Ndiyo jini mzima huyo, na nilimweka siku ya mwisho, kazi ya dakika kumi. Wajukuu wakija wanaanza na punda, wanacheka, wanahesabu zidaka, wananiuliza kama ndoo inashika maji. Halafu mmoja anaona nyayo. Anaweka unyayo wa mtu wa karatasi kando yake. Kimya.

Na kalamu nitakurudishia.

*

*Fundi, mimi nina miaka tisa, nakaa Mombasa. Nina boksi la viatu na natengeneza nyumba ya paka anayesema. Nimemfinyanga paka wangu mara nne na kila mara anatoka panya. Nifanye nini?*

Mwanangu, mara nne si nyingi, lakini acha kumfinyanga. Paka anayesema hapendi kutazamwa.

Jenga baraza kwa boksi la dawa ya meno, lipake nyeupe kama nilivyomwambia yule kaka wa Tanga. Juu yake weka sahani ndogo, kifungo cha shati kitafaa, na mwiba mmoja wa samaki, wa dagaa, uliosafishwa. Kisha nyuma ya baraza utoe mkia tu. Chukua waya mwembamba wa shaba, uuzungushie uzi wa sufu wa rangi ya paka wako, upake gundi kidogo uzi usifumuke, ncha uipinde kama alama ya kuuliza. Kwa boksi la viatu tumia 1:12. Mpime mkia paka wako kwa rula akiwa amelala, kisha gawanya kwa 12. Akiamka kabla hujamaliza, chukua pale ulipofika.